Deki ya Wiki Ijayo

Stoo ya Wafagizi, Hospitali,
19 Agosti, miaka miwili na miezi minne tangu niondoke.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Siku hizi anajigeuza mwenyewe kitandani, au bado ni mgongo wako unaomgeuza? Mimi mzima, ila viganja vimeliwa na dawa ya madoa na magoti yananisema.

Najua unanisubiri nije nikupokee kumuuguza. Likizo yangu ilishakubaliwa, lakini tuliambiwa hakuna kutoka mpaka wakaguzi wa ubora wapite na hospitali ipate nyota tatu.

Kwa ajili yao kila mlango wa choo ulibandikwa karatasi. Ukipiga deki, unatia saini kwenye siku yake. Ya choo cha wodi ya wazazi ilikuwa tupu. Si uvivu, Dada. Nikimaliza kuosha naitwa kusukuma machela, kalamu naisahau. Msimamizi wetu, tunayemwita Bi Kengele kwa sauti yake, akanipigia kelele, "Jaza karatasi yote hiyo, nisione kisanduku kitupu!"

Nami kwa darasa langu la tano nikaijaza yote. Mpaka tarehe thelathini na moja.

Wakaguzi walifika tarehe kumi na mbili. Mmoja, mama mpole, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kaka, hii deki ya wiki ijayo umeipiga lini?"

Bi Kengele akadakia, "Huyu huwa anawahi kazini."

Manesi walicheka hadi wakashika ukuta. Mimi nilitazama ndoo.

Basi wakapekua karatasi zote. Kumbe hata nesi wa chanjo, na vyeti vyake, alishaandika joto la friji la keshokutwa! Choo changu kilikuwa kinang'aa, Dada, ila hicho hakuna aliyekitazama.

Nyota hatukupata. Watarudi Novemba, na likizo zimefungwa tena. Naona aibu kukuandikia, maana kosa ni la mkono wangu na anayeumia ni wewe. Mbane binamu akushikie zamu Jumapili. Uvivu wake naujua, mwambie nimesema mimi.

Nisalimie Mama, mbusu paji la uso. Nisalimie shemeji na mjomba fundi viatu. Mungu akujalie usingizi usiokatizwa.

Wiki ya kwanza ya Desemba nakuja, nyota zipatikane zisipatikane. Wakinikatalia, watapiga deki wenyewe.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye,
Kitindamimba