Papa, Wamepanda Miti Juu ya Digi

Papa,

Wamepanda miti juu ya digi yako, ule ukuta wa udongo unaozuia bwawa. Nianze na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka, na unanijua, nikizunguka sifiki. Ni mikalitusi, mstari mmoja kutoka upande wa kilima mpaka pale maji yanapotokea. Na ule wa kwanza, ulio karibu na kibanda chako, niliupanda mimi kwa mikono yangu.

Najua ungekuwa hai sasa hivi ungekuwa unatafuta viatu vyako vya mpira.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Ulipofia hapa Bunia, barabara ya kwenda bwawani ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi. Tukakuzika huku Mbunya, watu wachache, mvua inanyesha. Watu wako wa bwawani hawakukuona. Hawakukuimbia, hawakutupa hata konzi moja la udongo. Jambo hilo liliwauma sana. Barabara ilipofunguliwa wakatuita twende kumalizia matanga kule kwao. Nikaenda na mdogo wangu Dieudonné, pikipiki mbili, vumbi mpaka kwenye meno. Tulipofika, mashimo yalikuwa yameshachimbwa juu ya digi. Mzee Ukumu, katekista, yule mwenzako wa kuvua samaki na kubishana, alikuwa ameleta miche kutoka mbali, mpaka Mahagi, kila mmoja umefungwa katika jani la mgomba. Akasema mbele ya watu wote: "Kaburi ya muzee iko mbali, siye hatuwezi kufika. Basi hii digi njo kaburi yake." Wamama wakaanza kulia. Akanipa mimi mche wa kwanza kwa kuwa mimi ndiye mtoto wako mkubwa.

Papa, mimi nilijua. Katika watu wote waliosimama pale, mimi peke yangu nilijua vizuri. Kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa nikitembea nyuma yako asubuhi juu ya ule ukuta wa udongo, bwawa upande mmoja, bonde upande mwingine, na wewe unainama kila hatua tano kung'oa kitu ambacho mimi hata sikukiona. Watu wa mgodi waliojenga digi walikwenda zao, wakakuachia wewe. Hakuna aliyekuambia uendelee. Uliendelea tu. Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako, na ulinifundisha kama mtu anayemfundisha mzazi wake, kwa heshima na bila haraka: "Mama, kamata ku shina, usikamate ku majani. Ukiacha muzizi ndani, haujangoa kitu."

Nikakuuliza mti mdogo vile una ubaya gani. Ukakaa chini kabisa kunijibu. Ukasema mzizi unatafuta maji, na maji yako nyuma ya ukuta, basi utaingia ukutani. Siku moja mti unakufa, mzizi unaoza, pale ulipokuwa panabaki tundu. "Na maji ikiona tundu, Mama, haitauliza ruhusa."

Mama yetu aligomba kila alipofua suruali zako, mifuko imejaa miche mikavu na udongo. Na ulipokuja kwangu kutibiwa, unakumbuka ulichokifanya? Asubuhi ya pili tu uling'oa mche wa avoka wa jirani yangu Mama Furaha. Alipiga kelele mpaka shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, akatoka na mswaki mdomoni. Wewe ukajibu kwa upole kabisa: "Ilikuwa karibu na ukuta." Ukuta wa choo, Papa! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Furaha sasa amepanda mwingine palepale, na juzi aliniambia kila akiutazama anakukumbuka.

Kwa hiyo nilijua. Nikapokea mche, nikapiga magoti, nikaupanda. Wengine wakafuata, familia moja baada ya nyingine, kila moja na mti wake. Ningesema nini? Watu walikuwa wanaimba. Walikuwa wameteseka kwa kukosa kukuzika, na hii ndiyo njia waliyoipata. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake tukarudi Bunia, kazi ya shule ikanimeza, na mvua ikaanza kunyesha.

Nilirudi baada ya miezi minne. Miti ilikuwa imenifika kiunoni. Mvua zilipokatika walikuwa wanaimwagilia, Papa! Yule mjane uliyemtafutia kiwanja cha kujenga alipokimbia kutoka upande wa Djugu, anakuja juu ya digi kila jioni na kidumu cha maji ya bwawa kichwani, anamwagilia wake, halafu anamwagilia na wangu, kwa kuwa mimi niko mbali. Alinionyesha kwa furaha. Nilimshukuru, nikasikia aibu mpaka masikioni.

Siku hiyo nikamfuata mzee Ukumu nyumbani kwake nikamwambia miti haifai pale. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinishika mkono akasema: "Binti yangu, muzee alikuwa anangoa miti ya bure, ya pori. Hii siye tulipanda na maombi. Iko na majina." Halafu akaongeza, polepole: "Na ya kwanza ni weye ulipanda." Nikamuaga, nikashika njia ya kurudi.

Nilijaribu na ofisi hapa mjini. Nilienda mara tatu nikiwa nimevaa vizuri. Bwana mmoja alitafuta baraji yetu, ndivyo wanavyoliita bwawa, katika kabati la makaratasi, akarudi akasema haimo. Nikamwambia maji yake yamo, watu wanaoishi bondeni chini yake wamo. Akasema hawezi kumtuma ingénieur, mhandisi wao, kwenye baraji isiyokuwa na dosiye, yaani faili. Alikuwa na adabu sana. Alinifungulia mpaka mlango wa kutokea.

Na wale wa chini wameongezeka. Uliwaacha na nyumba chache za mabashi, yale maturubai ya plastiki, sasa ni kijiji. Bonde ni tambarare, maji yako karibu, nani asingejenga pale? Wana shule ya mbao. Wamelima maharage mpaka miguuni pa digi, pale ulipokuwa ukichota maji yanayochuruzika kwa kile kikombe chako cheupe cha bati. Nimekikuta kikombe, kimetundikwa palepale kwenye msumari. Nilichota kama wewe, nikakiweka juani, nikangoja. Uliniambia yakiwa meupe, bila tope, ukuta unatoka jasho tu. Yakiwa na udongo, ukuta wenyewe unatoka kidogo kidogo. Yalikuwa meupe. Niliyamwaga, nikachota tena, nikatazama tena. Meupe. Lakini ile miti bado ni midogo, Papa, na mimi nahesabu miezi.

Jumapili iliyopita nilirudi peke yangu. Sikumwambia hata Dieudonné. Nilingoja mpaka watu wote waingie misa, nikapanda juu ya digi kama mwizi. Niliwaza, angalau wangu. Wangu nina haki nao. Sasa unanifika begani. Nikaukamata ku shina, kama ulivyonifundisha, nikauzungusha, nikauvuta. Nikakaa chini nikaweka miguu kwenye udongo nikavuta tena. Haukusogea. Mikono ikachubuka. Kutoka kanisani nilisikia wanaimba, na sauti ya mzee Ukumu juu ya zote, ile ambayo wewe ulisema inafukuza samaki. Nikaacha kuvuta, nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Ningeweza kurudi na panga. Nilifikiria. Lakini kukata si kung'oa, mizizi itabaki ndani, itaoza, na tundu litakuwa ni mimi niliyelitengeneza. Kazi ya kuing'oa yote vizuri, kuchimba kila mzizi na kushindilia udongo, inataka wanaume wengi na siku nyingi. Inawataka wao wenyewe walioipanda. Wewe uliimaliza kazi hii kila asubuhi kwa vidole viwili.

Nilipokuwa nashuka niliona kimche cha pori, majani mawili tu, kati ya mti wangu na wa yule mjane. Nikainama nikakitoa. Kilikuja chote, na mzizi wake. Nilikitia mfukoni bila kufikiri, na sasa kiko hapa mezani mbele yangu, kimekauka.

Papa, misa yako ya mwaka inakaribia. Wataifanyia juu ya digi, kati ya ile miti. Mzee Ukumu ameniomba niseme neno kwa niaba ya familia. Hili ndilo ninalokuahidi: sitawaambia kwamba wamekosea. Nitawaambia kwamba mimi nilijua siku ileile, nikiwa na mche mkononi, na nikanyamaza. Nitawaambia mbele ya yule mjane. Halafu nitaomba jembe na kuanza na wangu, na yeyote atakayekuja kunisaidia atakuja. Labda hatakuja mtu. Labda watanifukuza, na watakuwa na haki. Naogopa sana, Papa. Usiku wa kuamkia siku hiyo sijui kama nitalala.

Ulale wewe, huko Mbunya, hakuna mti juu yako. Nakuja kila Jumamosi kuangalia.

Na usinisamehe kwanza. Ngoja niseme.

Mimi, yule uliyemwita Mama,
Marita