Kaburi la Avit limeshafukiwa

Safina, hasira zinanimaliza huku Buganguzi.

Leo asubuhi nilimwambia baba mkubwa Byarugaba kwamba ubalozi umeanza kushughulikia mwili wa kaka Avit. Umeanza tu. Yeye akaita vijana, wakachimba kaburi kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani.

Mchana watu wa ubalozi huko Muscat wananiambia kibali bado, tusubiri.

Nikamweleza baba mkubwa. Ananijibu, "Kaburi halilali wazi, litaita mwingine."

Wamezika mgomba, Safina. Mgomba. Wameuviringishia shuka, wakaufukia.

Nikamuuliza, "Na Avit akifika?"

"Tutachimba lingine." Eti lingine.

Nilitaka kumpasha mbele ya watu wote. Lakini mama hakuwa ametoa chozi tangu tupate habari. Mgomba uliposhushwa, akaanguka akilia, akiuita Avit. Sasa nimkasirikie nani?