Treni ya Kinshasa, barabara ya Kibati

Jumatatu, tarehe 6
Tena tangu asubuhi: nafungua mashine ya kupimia ardhi, naifunga, naifungua. Mikono isisahau. Alhamisi napanda ndege kwenda Kinshasa. Nimepata kazi ya kupima njia ya treni ya haraka, kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa ndege. Miaka sita nimepima viwanja vya watu hapa mtaani Ndosho. Sasa reli. Nina furaha. Na aibu kidogo, maana mizinga inasikika upande wa kaskazini.

Jumanne, tarehe 7
Nimempigia Papa, baba yangu, yuko kijijini Kibati, upande huo wa kaskazini. Hataki kuhama. Eti maharage yamekaribia kuvunwa.
"Wewe enda tu, mutoto yangu. Vita tumeshaviona."
Jioni simu yake haikupatikana tena.
Nimeangalia mchoro wa reli. Mstari mmoja mnyoofu. Chini yake nyumba, visanduku vidogo. Hakuna jina la mtu.

Jumatano, tarehe 8
Kibati imetekwa. Barabara yote ni watu: magodoro, masufuria, kuku vichwa chini. Nimesimama tangu saa moja asubuhi nikiuliza. Hakuna aliyemwona Papa. Mwanamume mmoja akasema wazee wamebaki. Nilitaka kumpiga.
Mkubwa wa kazi amepiga simu kutoka Kinshasa. Ndege ya kesho huenda ikawa ya mwisho. Nisipofika, nafasi anapewa mwingine. Nimemwambia nitafika. Kama nilidanganya, sijui.

Alhamisi, tarehe 9
Ndege iliondoka saa nne. Ikapita juu yangu, mimi niko barabarani namtafuta Papa. Nililia. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya kazi. Niandike ukweli.
Saa tisa nikamwona. Anasukuma chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili. Juu yake amekaa jirani yake, Mama Furaha, mguu umevunjika. Siku mbili njiani, yeye akisukuma, wote wakijificha. Watu wamewapita.
Sikumsalimu hata. Nilipiga kelele:
"Papa, ndege imeniacha!"
Alinitazama, jasho linamtiririka.
"Ningemuacha uyu mama, nani angemubeba?"
Nilishika upande wa pili, tukasukuma pamoja hadi kwangu.

Ijumaa, tarehe 10
Uwanja wa ndege wa hapa umefungwa. Kazi amepewa mwingine. Ujumbe ulikuwa mfupi, wa heshima. Nimeusoma mara mbili, nikaufuta.
Inauma. Hasira imeisha, lakini inauma.
Muuguzi wa mtaani amefunga mguu wa Mama Furaha kwa vijiti. Papa amekaa mlangoni, anachambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga. Mvua inanyesha.
Mama Furaha ameamka kitandani kwangu, ameuliza kitanda hiki ni cha nani.
Nimemwambia ni chake.