Mifuko ya Kuzuia Mawimbi

Tarehe 9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na Baba hajambo huko kwenye pampu yake. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu inalalamika kwa kusimama dukani kutwa.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta mita tano za kitambaa cha rangi ya fedha. Ndicho kile nilichokueleza, kinazuia mawimbi ya simu. Siku hizi watu wana hofu. Wanasema mawimbi yanaingia kichwani na kifuani, na kwa kuwa mimi ndiye fundi simu wao, maswali yote yananiangukia mimi. Naomba unishonee mifuko thelathini ya saizi ya kiganja. Bitana ya fedha iwe upande mmoja tu, ule unaogusa mwili. Upande wa pili weka kitambaa cha kawaida. Mmoja baki nao wewe, maana simu yako unashinda nayo kifuani na mimi sipendi.

Mwanao

Tarehe 21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unaniambia nimezeeka, nami naubishia. Baba yako hajambo. Anakohoa kidogo na anakataa kwamba anakohoa. Bado analinda pampu ya maji peke yake, na anadai mashine ile ina mazungumzo mazuri kuliko mimi. Anauliza mkwe atamwona lini, au umeshaoa simu.

Mifuko hii hapa, thelathini kasoro wangu mmoja. Lakini nimekukosoa. Bitana ya upande mmoja ni kazi ya kulipua. Mtu ajikinge mbele, nyuma je? Nimeiweka pande zote mbili na kwenye kifuniko pia, nikaongeza na kifungo. Wangu nimeushona kwa kitambaa cha maua, na simu sasa inakaa humo, mezani kando ya cherehani. Ila inapata moto, na chaji inakwisha kabla ya mchana. Labda nayo imezeeka kama mwenyewe.

Mama yako

Tarehe 11 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na mgongo. Mimi sijambo, nacheka peke yangu kama mwehu.

Mama, wewe ni kiboko. Mifuko imekwisha kwa wiki moja, na kinachouza ni huo mtindo wako wa pande zote. Mteja akibisha, naitia simu yake mfukoni, nafunga kifungo, halafu naipigia mbele ya macho yake. Haiiti. Naambiwa haipatikani. Watu wanapiga makofi. Basi nishonee mingine hamsini, kitambaa nimekitia humu. Habari ya chaji isikusumbue, nikija nitakuletea betri mpya.

Mwambie Baba mkwe yuko njiani, anatembea polepole.

Mwanao

Tarehe 19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Sijui niseme nini zaidi ya hapo, kwa sababu wiki mbili sasa tangu tumzike baba yako bado naweka vikombe viwili mezani.

Uliondoka siku ya tatu hata hukuniaga vizuri. Nilijiambia ni kazi. Tulipokuwa pamoja sikukueleza mambo yalivyokuwa, acha nikueleze sasa. Kifua kilimbana asubuhi, kule kwenye pampu, akiwa peke yake. Simu yake ilionyesha alinipigia mara saba. Mwenzake wa zamu alipomkuta mchana alikuwa amekwisha. Daktari alisema angefikishwa mapema, huenda angepona.

Shangazi yako aliniuliza mbele ya watu, "Kaka yangu kakupigia mara saba, wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa palepale. Nilikuwa nashona mifuko yako, na simu nikinyoosha mkono naifikia. Nilipoitoa ndipo ujumbe ulipoingia kwamba nimepigiwa mara saba. Sikusikia hata mara moja. Nimewaza nikawazua, nikaona ni kelele za cherehani, zimeniua masikio miaka yote hii bila mimi kujua. Nimeamua kuiuza. Fundi wa mtaa wa pili ataichukua mwishoni mwa mwezi ujao. Simu niliirudisha mfukoni siku ile ile, sijaigusa tena.

Niandikie, mwanangu. Nyumba imekuwa kubwa.

Mama yako

Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

U mzima? Barua yangu hujaijibu. Hata kama huna la kusema, andika salamu tu, nijue unakula.

Mama yako

Tarehe 28 Mei

Mama,

Shikamoo. Sina nafasi ya kuuliza hali yako, kwa sababu najua ilivyo na najua nani ameifanya iwe hivyo.

Cherehani haina kosa. Masikio yako hayana kosa. Mfuko ule ukifungwa, simu haiiti. Nilijua tangu Machi, nikawa nawaonyesha wateja na kucheka nao. Haikunijia hata mara moja kwamba mama yangu naye ameweka simu yake humo, ingawa mwenyewe uliniandikia. Siku ya mazishi niliikuta mezani ndani ya kile kitambaa cha maua, nikaelewa yote pale pale. Nilitaka kukuambia. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni, nikakimbia. Barua zako mbili nimezisoma hadi zimechanika kwenye mikunjo.

Juzi alikuja dukani mama mmoja, mhandisi wa minara ya simu. Nilimuuliza. Akasema wanasayansi wamepima miaka mingi na hawajathibitisha kwamba mawimbi ya simu yanaleta maradhi. Mwenye wasiwasi atumie spika, au aiweke mbali kidogo na mwili, basi. Lakini simu ukiifunika inakazana zaidi kutafuta mtandao, ndiyo sababu yako ilipata moto. Kwa hiyo hata kinga yenyewe haikuwa kinga. Niliuza hofu, Mama, na nikakupa na wewe.

Usiuze cherehani. Na barua hii msomee Shangazi, mbele ya wote waliosikia ukiulizwa.

Mwanao

Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi naamka, nakula kidogo, siku inapita.

Barua yako ilifika siku mbili baada ya cherehani kuondoka. Niliisoma nimesimama. Kisha nikamwita jirani, nikaitia simu mfukoni, nikafunga kifungo, nikamwambia apige. Chumba kilikuwa kimya kabisa na simu haikuita. Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Nilifurahi kwamba si masikio yangu yaliyomwangusha baba yako. Halafu nikakumbuka nani aliyeweka bitana pande zote mbili. Wewe uliagiza upande mmoja. Kwa hiyo usijitwike peke yako. Lakini mimi sikujua, na wewe ulijua, na hapo ndipo ninapokwama kila siku.

Wale uliowauzia, watafute mmoja mmoja uwaambie. Nao wana watu wao wanaowapigia.

Shangazi yako sikumsomea. Alikuja Jumapili na mawifi wengine, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba ni kelele za cherehani, nilishindwa kusikia. Akasema, "Nilijua." Nikamwongezea chai. Wakijua ni wewe, hutakanyaga tena kwenye ukoo wa baba yako, nawafahamu. Mimi wataninunia miaka miwili mitatu, na kununiwa na mawifi nimekuzoea tangu nilipoolewa. Barua yako nimeichoma. Ukija, usithubutu kunisahihisha mbele yao.

Sijakusamehe bado, nisikudanganye. Asubuhi naamka nimekusamehe, ikifika adhuhuri sijakusamehe tena. Lakini njoo. Wa kukuhukumu ni mimi, si wao, na nataka nikuhukumu ukiwa umekaa mbele yangu, unakula.

Mimi mama yako