Tanuru Letu Kwenye Intaneti

Jumatatu, 14 Julai 2003
Upepo wa kukata masikio. Sweta mbili, bado naganda. Tumechekecha udongo wa chini ya tanuru la kale mpaka saa tisa. Mavi ya chuma, mkaa, vipande vya mirija ya udongo ya kupulizia moto. Daktari, mkubwa wetu kutoka chuo kikuu, kapiga picha kila kitu kwa kamera yake ya dijitali. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya Kiswahili ya tovuti ya utafiti wake, ili wananchi waone wazee wetu walivyoyeyusha chuma. Wananchi gani? Hapa kijijini Mwazye hata simu ni shida.
Lakini Oswald, mdogo wangu, popote alipo huko Sauzi, pengine ataona. Kazi hii nimeikubali hasa kwa ajili hiyo.

Jumatano, 16 Julai
Leo nimeingia ndani ya tanuru na tochi. Lori la Oswald bado lipo! Alilichora ukutani kwa msumari, na majina yetu juu yake. Tulijificha humu tukikwepa kulinda ulezi usiliwe na ndege. Nimelia humo humo. Nikatoka nikasingizia vumbi.

Alhamisi, 17 Julai
Daktari hataki picha ya lori iwekwe kwenye tovuti. Anasema ni watoto watukutu waliharibu kitu cha kale. Nikamwambia mtukutu mmojawapo ni mimi, anikamate. Hakucheka. Nimenuna kutwa.
Mama naye kakataa tena kuja kuangalia. Mwiko. Mwanamke hakaribii tanuru, litagoma kutoa chuma. Hili lilizimwa yeye akiwa mtoto, na mpaka leo akienda kisimani analizunguka kwa mbali. Mimi kushinda pale anaona ni aibu yake.

Jumanne, 22 Julai
Nimemwambia Daktari wazi: bila lori, siandiki hata neno. Na kibarua nakihitaji. Akauliza kwa nini nimeling'ang'ania. Nikamweleza. Oswald aliondoka kwenda kutafuta maisha, akaandika mara mbili, kisha kimya. Hatujui kama yu hai. Nimemkumbuka mpaka nimechoka kumkumbuka.
Daktari akafuta kioo cha kamera kwa shati.
"Dada Kristina, andika."

Jumamosi, 26 Julai
Mjini, mtaa wa Majengo, intaneti kafe. Umeme umekatika mara mbili. Picha ilipanda kwa kujivuta, nusura nilie. Chini yake nimeandika kwamba watoto wa hapa walijificha ndani ya tanuru, mmoja akachora lori, dada yake yuko nyumbani, na mama yao yupo.

Jumamosi, 2 Agosti
Kwenye ukurasa wa wageni, pale wasomaji wa tovuti wanapoacha ujumbe, mwanafunzi kauliza moto ulikuwa mkali kiasi gani. Mwingine kasifu picha. Basi. Nimewachukia bure, watu hawana kosa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekuja mjini na Mama. Nilimwuliza kama mwiko unakataza na picha. Akafikiri njia nzima. Tulipofika akasema, "Hapa hakuna moto," akaketi.
Akaliona lori. Mama, ambaye hajawahi kuchungulia humo maisha yake yote. Akapapasa kioo cha kompyuta kwa kidole mpaka mwenye kafe akakohoa.
Kisha nikafungua ukurasa wa wageni. Kuna ujumbe! Mtanzania mmoja, yuko Durban. Anasema aliwahi kuishi chumba kimoja na Mfipa anaitwa Oswald. Kila mara alikuwa akiwasimulia wenzake alivyojificha na dada yake ndani ya tanuru la chuma, nao wakimwita mwongo. Leo kaona ni kweli. Oswald alihama zamani kidogo, hajui alikwenda wapi. Wakikutana atamwambia tunamngoja.
Hajui wapi. Nilitaka kuipiga ile mashine. Nimemsomea Mama, akaniambia nirudie, nikarudia. Tumerudi na pikapu.

Jumapili, 10 Agosti
Misa. Baridi imepungua. Kesho tunaanza kufukia mashimo, Daktari arudi zake Dar.
Jioni Mama alikuwa anachambua maharage. Kisha akauliza kama yule mtu alisema Oswald amekonda.
Nikamwambia hakusema.
"Kumbe alikuwa anatutaja," akasema.
Akaendelea kuchambua maharage. Nikavuta kigoda, nikamsaidia.