Mjomba wa Masika

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Mpondwe.

Filimbi saa kumi na moja. Gwaride. Uji bila sukari. Saa moja niko kizuizini, karibu na forodha, nakagua mizigo ya wanaovuka kwenda Kongo na ya wanaorudi. Magunia, mabeseni, jerikeni. Fungua, funga, pita. Mikono ilifanya kazi yenyewe, mimi sikuwepo.

Mwaka mmoja sasa tangu niandikishwe. Miezi tisa ya mafunzo, mitatu hapa. Walinileta huku kwa sababu nasema Lhukonzo na naelewa Kiswahili cha Wakongo. Nyumbani ni Muhokya, si mbali. Wangenipeleka mbali kabisa ingekuwa afadhali.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya soko. Mbambu alipita. Mke wangu. Beseni la maharage kichwani, mtoto wetu mdogo Biira mgongoni, mkubwa Masika kashika kitenge chake. Ndio utaratibu wetu: anapanga foleni kama mchuuzi yeyote, nami namkagua. Nikatia mkono kwenye maharage, nikazungusha polepole. Labda dakika moja. Sajini alikuwa nyuma yangu.

"Jambo, mjomba," Masika akasema. Kafundishwa, na kafundishika.

"Huyu dada yako anapenda soko sana," Sajini akasema walipopita. Nikacheka. Cha kuchekesha hakikuwepo.

Vumbi la maharage limebaki kwenye kucha. Sijanawa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mvua mchana kutwa. Hakuna anayevuka.

Niandike mara moja nisirudie tena. Fomu. Siku ile ya kuandikishwa jeshini, Kasese, walitaka vijana wasiooa. Nikajaza: mke, hakuna. Watoto, hakuna. Wa kuarifiwa nikifa, mama yangu. Sikumficha Mbambu. Yeye ndiye aliyesema, "Jaza. Njaa haisomi fomu." Tukaiteremsha picha ya harusi ukutani. Watu wa jeshi wakiuliza, yeye ni dada yangu. Kwa hiyo Masika tukamfundisha kwamba huyu wa kwenye simu, huyu wa nguo za kijani, ni mjomba. Alikuwa na miaka mitatu. Siku za kwanza alikosea, tukacheka. Baadaye hakukosea tena.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika mwaka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kule, askari mwenzangu, amekufa. Alikuwa anarudi kutoka likizo, lori alilopanda likapinduka karibu na Kikorongo. Kitanda chake kilitazamana na changu tangu mafunzo.

Mpishi alikuwa ameshapakua sahani yake. Posho, ugali wa kambini, na maharage. Nikala yangu, nikala na ile.

Sihisi kitu. Nilijibana mkono kujaribu. Uliuma kidogo tu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Tumemzika kwao, mlimani juu ya Bwera. Kupanda na jeneza kwenye utelezi. Tulipokezana mabega.

Kule naye alijaza "hakuna". Nilijua, tulikuwa tunachekana kwa hilo. Mwanamke wake ni Mkongo wa Butembo, anachoma mahindi pale njia panda ya Kikorongo. Alikuja na mtoto mgongoni. Jina lake halikusomwa, la mtoto halikusomwa. Ndugu wa marehemu walikaa kwenye viti, yeye alisimama kule nyuma kwa majirani. Bendera akapewa mama yake Kule.

Ndipo mwanamke akaja mpaka kwetu, askari.

"Na huyu mutoto," akauliza, "iko wa nani sasa?"

Wenzangu wakanitazama. Mimi nikatazama udongo. Ningeweza kujibu kwa neno moja.

Nina aibu. Ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu Jumapili.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kizuizini. Fungua, funga, pita. Siku nzima nimemwona Mbambu akilini, amesimama kule nyuma kwa majirani.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimekwenda kwa afande, mkuu wa kambi yetu. Nikapiga saluti, nikasema mara moja, kabla ulimi haujakauka.

"Afande, niko na bibi. Na watoto wawili."

Akaweka kalamu chini. "Ile dada ya soko?"

"Ndiyo, afande. Na Kule pia alikuwa na mutoto, afande."

Akanitazama. Ana sura ya mtu anayeumwa jino, siku zote.

"Muko wangapi munadanganya serikali?"

Akasema kesi yangu itaenda Kasese, wakubwa wataamua kama nabaki au navua nguo zao. Hadi hapo nitachimba shimo la choo. Kisha akanisukumia karatasi. "Andika majina. Yako na ya Kule. Yote."

Nikaandika. Mbambu, mke. Masika, mtoto. Biira, mtoto. Chini yake, mwanamke wa Kikorongo na mtoto wake. Jina la yule mtoto sikulijua. Nikaandika "mtoto wa Kule".

Jumapili, tarehe 16 Machi

Shimo limenifika kiunoni. Udongo mwekundu, halafu mawe. Kasese hawajajibu.

Mchana nilipewa simu. Nikamwambia Mbambu uongo umekwisha, airudishe picha ukutani. Nikasikia kuku. Akasema ataitafuta. Kisha akampa Masika simu.

Nikamwambia Masika kwamba kuanzia leo aniite baba. Akafikiri. Halafu akanisahihisha, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Baba yake yuko kazini, mbali. Atarudi na viatu vyekundu.

Viatu hivyo niliviahidi mimi, asubuhi naondoka.

Nikamuuliza, je, mjomba akivinunua? Akasema hapana, asante. Anamngoja baba.

Nikasema vizuri, mngoje. Mama yake akachukua simu, tukaongea habari za maharage, kwamba mvua imeyaharibu kidogo. Kesho saa moja narudi shimoni.