Jambazi Anayesubiri Taa Nyekundu

Jumamosi, 7 Machi

Gemu limefika! Betri — mdogo wangu, fundi simu, tulimpa jina hilo kwa sababu haishiwi chaji — alikuwa akilisubiri kama mtu anayesubiri mchumba arudi safari. Kutwa nzima lilikuwa linajipakia kwenye mashine yake. Hakula mchana. Alikaa sebuleni akitazama mstari ukitambaa kwenye televisheni. Mama akapita na fagio, akamwambia ainue miguu. Akainua miguu, macho palepale.

Jioni likafunguka. Jamani! Mimi na magemu ni mbali na mbali, lakini mji ule! Mvua ikinyesha, lami inang'aa. Watu wanapita na mifuko yao, mmoja anapiga chafya, mwingine anagombana na mtu kwenye simu. Muuza magazeti anafunga kibanda jua likizama. Na wewe ni jambazi, umetoka jela asubuhi hiyohiyo, mji wote uko mbele yako. Iba gari unalolitaka, nenda unakotaka. Hakuna wa kukuuliza isipokuwa polisi.

Betri aliiba gari la kwanza kabla sijakaa vizuri. Punde si punde ameshagonga mti, meza ya maua na bwana mmoja wa suti nyeupe. Binti yangu akafukuzwa sebuleni, haya si ya watoto. Amelala kanuna.

Jumapili, 8 Machi

Zamu yangu. Aibu tupu!

Mimi ni mwalimu wa udereva, mikono yangu haijui mambo mengine. Nikavunja benki kama Betri alivyoniagiza, nikaiba gari — jekundu, milango miwili, zuri hilo! — nikatafuta mkanda. Hakuna mkanda. Nikatafuta indiketa. Hakuna indiketa! Waliotengeneza mji wakakumbuka mpaka chafya, wakasahau indiketa. Basi nikaondoka taratibu, taa ikawa nyekundu, nikasimama.

Betri akaporomoka kwenye kochi. Dada, umetoka kuvunja benki, polisi wako nyuma yako! Nikamwambia taa ni nyekundu. Wakanimiminia risasi hapohapo, nikisubiri kijani. Sasa naitwa Jambazi Mstaarabu, na rafiki zake wote wameshapigiwa simu.

Na mguu wangu! Gari langu la kazini lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu mimi ninayekaa kushoto kwake. Kila Betri akikaribia kugonga, mguu wangu unakanyaga zulia wenyewe. Zulia litatoboka.

Mama akaja kuchungulia. Akauliza kijana yule wa kwenye gemu hana mama? Betri akajibu hana, ni katuni tu. Ndiyo maana anavaa fulana chafu, akasema Mama, apelekwe duka la nguo. Basi jambazi sugu akakaa anajaribishwa mashati, Mama anasema hapana, lile la buluu. Alitoka amependeza kama anakwenda kuposa. Mama akaridhika kabisa. Gemu zuri, ila wapunguze fujo.

Jumanne, 10 Machi

Leo Baba!

Maisha yake yote alikuwa dereva wa malori ya trela. Sasa amestaafu, ana gari dogo la nyumbani analolifuta kila asubuhi kama linakwenda kwenye gwaride. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Ninayowaambia wanafunzi wangu ni maneno yake yaleyale, mimi nimeyapiga pasi tu.

Alianza kwa dharau. Gari gani la kuendeshwa kwa vidole gumba? Muda si mrefu hakuna aliyeweza kumnyang'anya pedi ya kuchezea. Benki aliipita. Duka la bunduki alilipita. Akaenda moja kwa moja bandarini kuiba lori! Mji mzima una magari ya kifahari, yeye kachagua lori la makontena. Akatuamuru tunyamaze asikilize injini. Akasema waliorekodi mlio huo wanaijua kazi.

Barabarani sasa, vita. Bam! Bam! Kila anayepishana naye anampitia. Hawa wanaendesha upande usio wao, alifoka. Ni kweli, mji ule wanapita kulia, sisi huku tunapita kushoto. Tulicheka mpaka Betri akapata kwikwi.

Tena hajui njia. Baba, ramani hiyo chini kwenye kona. Ramani gani? Hiyo, kushoto. Aa, hiyo! Haipiti muda, anauliza tena: sasa niende wapi?

Mama alipotoka jikoni akakaa kushoto kwake, kama wanavyokaa kwenye gari. Akaanza zile zake za siku hizi: lori hilo, mtu huyo, mtu na mbwa, punguza! Siku hizi kupanda gari na wazazi wangu ni kama kusikiliza mpira redioni, Mama ndiye mtangazaji. Lakini ajabu, Baba akatulia. Hakugonga hata ndoo. Betri akasema Mama ndiye hirizi ya jambazi. Mama akacheka kidogo, akasema macho yanamuuma, akaenda kulala mapema.

Alhamisi, 12 Machi

Mchovu. Mwanafunzi wangu mshonaji bado anafumba macho akiingia mzunguko wa barabara. Nimemwuliza kwa nini, kasema anaogopa kuona.

Habari kubwa: dada yetu mkubwa anakaribia kujifungua, Mama anasafiri Jumamosi kwenda kumwangalia. Atakaa huko mpaka mtoto apate nguvu. Kila asubuhi yeye na Baba ndio wanaompeleka binti yangu shule kwa gari, maana mimi nina wanafunzi wa alfajiri. Baba kasema Jumatatu atampeleka peke yake, kwani tatizo nini? Nikashukuru. Mama akafungua mdomo kama anataka kusema jambo. Kisha akauliza nani atamwagilia maua yake.

Ijumaa, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama alikuwa chumbani anapanga nguo. Baba na pedi yake, mimi pembeni natoboa zulia. Akaliingiza lori lake mtaa wa njia moja, mwembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili. Hapo hakuna cha upande usio wao, hakuna anayekuja mbele. Akapita. Krrr! Magari ya kushoto yote kayachuna, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa mtaa. Ya kulia hakuligusa hata moja.

Betri alicheka. Mimi nilianza kucheka, kicheko kikaniishia njiani. Mwanafunzi asiyejua anagonga huku na huku. Anayegonga upande mmoja tu, mtaa mzima, huyo si kwamba hajui.

Nikamwambia Betri ahamishie ramani kona ya kulia, inawezekana? Inawezekana, kwenye mipangilio. Akahamisha akidhani nina utani wangu. Baba akaitazama televisheni, akasema kwa furaha kabisa: ee, leo wameweka ramani! Akaenda mpaka bandarini bila kumwuliza mtu.



Kwenye chakula nikamwangalia yeye tu. Kala, kaweka kijiko chini, kashukuru. Mboga zote za upande wa kushoto wa sahani zipo palepale. Mama, huku anaongea na Betri habari za basi la kesho, akanyoosha mkono akaigeuza sahani. Hakumtazama hata. Baba akachukua kijiko, akaendelea kula.

Alivyoigeuza! Kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

Nilitoka kwenda kulitazama gari. Upande wa kulia unang'aa. Kushoto, mkwaruzo kutoka taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, na kioo cha pembeni kimegandishwa kwa gundi. Baba alisema kuna mjinga alimkwaruza kwenye maegesho. Nikamwamini. Mimi! Kazi yangu kutwa ni kuangalia jinsi watu wanavyoendesha, na nikamwamini.

Jumamosi, 14 Machi

Nimempeleka Mama stendi. Njiani nikamwuliza waziwazi: Baba haoni kushoto?

Alikumbatia mkoba wake. Kisha akasema haoni tangu asubuhi ile Baba alipoamka kichwa kinamuuma, mwaka jana, wakati wa mvua. Walidhani ni uchovu. Baadaye akawa anaacha nusu ya gazeti bila kuisoma. Nilitaka kujua kwa nini hawakwenda hospitali, kwa nini hawakusema. Baba alimwapisha. Asiambiwe mtu, na zaidi asiambiwe mwalimu wa udereva.

Kwa hiyo zile kelele zote za lori hilo, mtu huyo, punguza! Sisi tulikuwa tunamwigiza, Betri anamwigiza vizuri zaidi, yeye anacheka na sisi. Kumbe anafanya kazi. Mimi ni utingo wake, alisema. Zamani kwenye malori Baba alikuwa na utingo wa kumtazamia upande ule wakati wa kurudi nyuma. Sasa ana Mama.

Nilikasirika, nikapandisha sauti. Mmempakia mwanangu humo! Akalia. Kila siku alikuwa akisema kesho nitamwambia. Akasema yeye alikuwepo, hakuna kilichopita bila yeye kukiona. Lakini yule mzee gari ndiyo heshima yake, akibaki amekaa tu sebuleni atazeeka kwa wiki moja. Tukawa tumefika stendi. Basi likapiga honi. Akiwa mlangoni akaniambia: mwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Nikabaki stendi nimeshika chupa yake ya maji aliyoisahau.

Jumapili, 15 Machi

Mwoga! Mwoga mkubwa mimi!

Nilianza kwa kuzunguka. Baba, kesho nitampeleka mtoto mwenyewe. Akasema una wanafunzi. Kweli ninao. Nikasema basi twende siku moja kwa daktari wa macho, sote, hata mimi. Akanisomea bango la duka la mbali huko mwisho wa mtaa, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Moja kwa moja mbele anaona kuliko mimi! Akaniambia mwanangu, nimeendesha malori kabla hujazaliwa. Kila wiki nawaambia watu wazima wenye familia zao kwamba wameshindwa, hawajawa tayari, warudi tena. Wengine wananuna, wengine wanalia. Nawaambia tu. Huyu mmoja siwezi.

Basi nikakaa naye kwenye gemu. Nikakaa kushoto, mahali pa Mama. Akaiba lori lake. Akaingia barabara ya bandarini. Kushoto kukaja basi la abiria, taratibu, kubwa, la manjano. Lilionekana kutoka mbali. Nikauma meno, nikanyamaza. Mguu wangu ulikanyaga zulia mpaka ukauma.

Akaliingilia. Vioo, moshi, watu wa kwenye gemu wakipiga kelele. Betri hakuwepo, hakuna aliyecheka. Baba akabaki ameshika pedi. Kisha, bila kunitazama, akasema kwa sauti ndogo: mama yako huwa anasema.

Akaiweka pedi kwenye kochi, polepole. Akachukua kitambaa chake akaenda nje kulifuta gari. Nilimtazama dirishani. Lilikuwa safi tayari. Nimempenda baba yangu leo mpaka nimesikia maumivu.

Jumatatu, 16 Machi

Naandika juu ya usukani. Usukani wa Baba. Nimelitoa daftari hili mkobani ili mikono ipate kazi.

Nimeahirisha somo la mshonaji. Baba aliwasha gari mapema lipate moto, akaenda kufungua geti. Binti yangu alikuwa tayari kiti cha nyuma, mkanda amefunga, anaimba. Nikatoka ndani mbio, viatu mkononi, mkoba begani, nikaingia kiti cha dereva. Ndiyo, nimeiba gari! La kwanza kuiba kwa kweli maishani mwangu, na mtoto yumo ndani.

Baba aligeuka getini, akaniona. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akaja mpaka dirishani, nikateremsha kioo. Nikasema Baba, leo naomba nikuendeshe. Akasema shuka, mtoto atachelewa. Nikasema sishuki. Akanitazama usoni, halafu akauliza, na haikuwa kuuliza: mama yako amekuambia. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwambia kuna daktari hospitali, tumfikishe mtoto shule kisha twende, mimi na wewe tu.

Sasa anazunguka mbele ya gari. Mkono wake unateleza juu ya boneti, kitambaa begani. Amefika upande wa kushoto. Mlango huo nimeshaufungua kwa ndani, uko wazi kidogo.

Hajapanda. Ameinama kwenye ule mkwaruzo. Anaufuatisha kwa kidole kutoka taa ya mbele, polepole, na kichwa amekigeuza kabisa ili auone. Sijui kama aliwahi kuuona wote.

Binti yangu ameacha kuimba. Ananiuliza, Mama, Babu anapanda au hapandi?

Geti liko wazi, barabara ni nyeupe, hakuna taa hata moja mbele yetu. Mguu wangu uko kwenye breki. Kidole chake kimefika mlangoni.